Nafasi ya Aliyekwenda Kuuguza

Mtu akifiwa huku kwetu Shinyanga hapungukiwi na watu. Turubai linafika kabla jua halijazama, kina mama wa jumuiya wanakuja na masufuria na kuni, daftari la rambirambi linafunguliwa. Mwajiri wa mfiwa, hata yule anayejulikana kwa ukali, anatoa gari la kubeba mwili na kusimama mbele ya jeneza kusema maneno mawili. Sisi wachungaji tumesafiri mara nyingi na magari hayo, kutoka Kahama au Geita usiku kucha hadi Kigoma, hadi Mbeya. Hatuna neno baya juu ya jambo hilo. Ni sifa yetu, na Mungu aendelee kutupa moyo huo.

Ila tumekuwa na swali ambalo halituachi. Huyu aliyefiwa, majuma machache kabla ya msiba alikuwa na mgonjwa. Alikuwa akishinda kwenye benchi la wodi akingoja saa ya kuona wagonjwa, akichemsha uji, akifua mashuka, akigeuza mwili wa mzazi wake usipate vidonda. Wakati huo turubai lilikuwa wapi? Na alipoomba ruhusa kazini akauguze, kisha mgonjwa akapona, kisha yeye akarudi, je, ile kazi ilikuwa bado ni yake?

Tuanzie nyumbani, kwa kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita usharika tuliokuwa tukiuhudumia ulikuwa na darasa la chekechea. Mwalimu wake alikuwa msharika mwenzetu, dada mtulivu, mwimbaji wa sauti ya pili. Mama yake mzazi akapata kiharusi kijijini. Ndugu zake wa kiume walikuwa mbali, mmoja Dar es Salaam na mwingine machimboni, na kama kawaida yetu ikaonekana kwamba wa kwenda kuuguza ni binti. Akaandika barua, baraza la wazee likampa majuma mawili. Majuma mawili yakawa tisa, kwa maana kiharusi hakijui kalenda ya baraza. Katikati tukampata binti aliyemaliza kidato cha nne, akakubali malipo pungufu, watoto wakamzoea. Mwalimu aliporudi, mwenyekiti wa kikao, ambaye ni mchungaji, yaani sisi, akamweleza kwa upole mwingi kwamba tunamshukuru Mungu mama anaendelea vizuri, na nafasi ikipatikana tutamwita. Tukafunga kwa sala.

Alitungoja nje ya ofisi. Akasema maneno ambayo tunayakumbuka mpaka leo: "Baba Mchungaji, mama angefariki juma lile la kwanza, mngekuja na gari, mngeimba, mngenipa rambirambi, na Jumatatu iliyofuata ningekuwa darasani. Kosa langu mimi ni kwamba mama hakufa."

Hatukuwa na jibu. Jioni ile tulikwenda kuitafuta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo kwa aibu tunakiri hatukuwahi kuisoma, ingawa usharika ni mwajiri kama waajiri wengine na sheria inatuhusu. Tulitaka kujua inasema nini juu ya mtu kama huyu.

Inasema mambo mema. Mfanyakazi akiugua yeye mwenyewe ana likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mama anayejifungua ana siku 84 za malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja, na akimaliza anarudi kwa masharti yale yale aliyoyaacha. Tena sheria inalisema kwa ukali: mwajiri akimzuia mama huyo kurudi, kule kumzuia tu kunahesabiwa kuwa ni kumwachisha kazi, hata kama hakuna barua iliyoandikwa. Akirudi ana haki ya kunyonyesha hadi saa mbili ndani ya saa za kazi. Mwaka 2025 sheria ikarekebishwa ili mama aliyejifungua mtoto njiti aongezewe muda. Kwa haya yote tunashukuru.

Kisha tukafika mahali panapomhusu mwalimu wetu. Sheria inatoa siku 4 za malipo mtoto wa mfanyakazi anapougua au anapofariki. Na inatoa siku hizo hizo 4 mfanyakazi anapofiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Tulirudia kusoma tukidhani tumeruka mstari. Mtoto: kuugua au kufariki. Mzazi: kufariki. Mume au mke: kufariki. Siku hizo 4 ndizo zote katika mzunguko wa miezi 36, hata matukio yakiwa matatu, na za ziada hazina malipo. Basi kwa habari ya mama mzazi, sheria ya nchi ilikuwa tayari kumlipa mwalimu wetu amzike, ila haikuwa na siku hata moja ya kumlipa amlishe uji.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu waliotunga sheria. Walitunga kama tunavyoishi. Sisi ndio tuliokwisha kuamua, kabla ya Bunge, kwamba kifo ni jambo la watu wote na ugonjwa ni jambo la nyumba ya mtu. Nchi nyingine nazo zimechelewa. Marekani, pamoja na utajiri wake, ilipata sheria ya likizo ya kuuguza mwaka 1993, nayo inatoa majuma 12 bila mshahara, na si kwa kila mfanyakazi. Lakini inasema jambo moja tunalolionea wivu: aliyekwenda kuuguza mzazi, mwenzi au mtoto akirudi ndani ya muda huo, apewe kazi yake au iliyo sawa nayo.

Kwetu mwenye kuuguza hana andiko la wazi namna hiyo, lakini hakuachwa mtupu. Sheria yetu inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya majukumu yake ya kifamilia. Maneno hayo yamo, katika orodha moja na kabila, dini na ulemavu. Inakataza kumwachisha mtu bila sababu ya haki na bila utaratibu wa haki. Mwenye mkataba wa muda maalumu aliyekuwa na sababu za msingi kutarajia uhuishwe, akanyimwa, anaweza kulalamika kwamba ameachishwa. Malalamiko ya kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nayo yana siku 30 tu. Tunazitaja siku hizo kwa sababu tumewaona washarika wakija kwetu kuombewa mwezi wa tatu, tayari mlango umefungwa. Ombi la kwanza kwa mwenye kuuguza ni la kawaida kabisa: omba ruhusa kwa maandishi, baki na nakala, na muda ukizidi andika tena. Kukosekana kazini bila ruhusa wala sababu ya kukubalika zaidi ya siku 5 za kazi kunaweza kukuondoa. Barua si kukosa imani.

Lakini ni wangapi kati yetu wanafikiwa na haya? Tulimfahamu fundi mmoja wa Geita, aliyefanya kazi kwa mkandarasi wa migodini kwa mikataba ya miezi sita sita. Mke wake alilazwa Mwanza, siku zile ambazo bado tulivuka kwa kivuko pale Busisi, kabla daraja halijafunguliwa 2025. Kwa majuma matano alikuwa akitoka zamu ya usiku, anapanda gari, anangoja kivuko, anafika wodini, anarudi. Hakuthubutu kuomba ruhusa, maana mkataba ulikuwa unakwisha mwezi ule na alijua kwamba hakuna atakayemfukuza. Mkataba ungeisha tu, kimya kimya. Siku moja alisinzia akiwa na spana mkononi chini ya mtambo. Hakuumia, Mungu alimlinda. Tunapolisimulia hili watu husema, "Mwanaume jasiri." Sisi tunaona mtu aliyelazimishwa kuchagua kati ya vitu viwili ambavyo Mungu alimpa vyote.

Na kwa wachimbaji wadogo, kule Rwamgasa, Nyarugusu, Mgusu, jambo lina sura nyingine tena. Vijana wengi kwenye duara hawana mshahara. Wanakula chakula cha mwenye duara, wanachimba miezi mitatu, minne, wakingoja kuufikia mwamba wenye dhahabu, na siku hiyo viroba vya mawe vinagawanywa. Sasa kijana amechimba miezi minne, simu inalia kwamba baba yake amezidiwa huko Bariadi. Anaondoka. Juma la pili wenzake wanaufikia mwamba. Mawe yanagawanywa, yanakwenda karasha, yanakwenda mwaloni. Anaporudi duara ni tupu, na wenzake wanamwambia hakuwapo. Ana fungu au hana?

Swali hili limo katika Biblia, tena katika sura ambayo hatuihubiri mara nyingi, 1 Samweli 30. Daudi na watu wake 600 wanawafuatia Waamaleki walioteketeza Siklagi na kuchukua wake na watoto. Wakafika kijito cha Besori, watu 200 wakashindwa kuvuka kwa kuchoka, wakabaki na vyombo. Wale 400 wakaendelea. Porini wakamkuta kijana wa Kimisri anakaribia kufa, hajala wala kunywa siku tatu. Walimpa mkate, maji, tini na zabibu, roho ikamrudia, ndipo wakamuuliza yeye ni nani. Alikuwa mtumishi wa Mwamaleki. Bwana wake alimwacha kwa sababu aliugua. Ndiyo sababu yote iliyotolewa: aliugua, msafara ukaendelea. Nasi tumeona kwamba aliyetupwa na mwajiri mmoja ndiye aliyewaonyesha njia waliomwokota.

Vita vikaisha, mali ikarudishwa, wakafika tena Besori walipobaki wale 200. Baadhi ya waliopigana wakasema hawa hawakuwapo, wasipewe kitu cha nyara. Wachukue wake zao na watoto wao waende. Ni maneno ya kwenye duara hasa. Daudi akakataa. Akaamua kwamba fungu la aliyebaki na vyombo ni sawa na fungu la aliyeshuka vitani, kwa kuwa mali ile Bwana ndiye aliyewapa. Hakuliacha liwe huruma ya siku moja. Alilifanya amri katika Israeli.

Tunakubali kwamba wale 200 walilinda vyombo, na kijana wetu wa Bariadi hakulinda shimo. Lakini tunauliza: miezi minne ya jasho iliyo ndani ya shimo lile ni ya nani? Aliyekwenda kumgeuza baba yake kitandani hakwenda kutembea. Mwenye duara anayehofu Mungu, na tunao kadhaa katika sharika zetu, anaweza kuamua kabla watu hawajashuka, kwamba atakayeitwa na ugonjwa wa nyumbani atahesabiwa kwa siku alizochimba. Ikiamuliwa kabla, haina ugomvi. Ikiamuliwa mbele ya viroba, inaleta mapanga.

Sisi Walutheri tuna ushuhuda mwingine wa karibu. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, chuo kikuu kilihamishiwa Jena, lakini Luther alibaki, nyumba yake ikawa kama hospitali. Wachungaji wa Breslau walikuwa wamemuuliza kama Mkristo aweza kuikimbia tauni. Jibu lake halikuwa la kishujaa. Alisema asiye na jukumu aweza kuondoka. Ila waliofungwa na wajibu wasiachane, kama mzazi na mtoto. Halafu akaongeza watu ambao tungewasahau: mtumishi na bwana wake. Mtumishi asiondoke bila ruhusa ya bwana wake, na bwana asimwache mtumishi bila kuhakikisha ana wa kumtunza. Kwa Luther mkataba wa kazi haukuwa wa mshahara tu. Ulikuwa kamba yenye ncha mbili, na ugonjwa ndio wakati wa kujua kama imefungwa kweli.

Tunawasikia waajiri wadogo wakilalamika, na wana haki ya kusikilizwa. Mama mwenye duka la dawa Kahama ana mhudumu mmoja. Akiondoka mwezi mzima, duka lifungwe? Hapana, na hatumwambii alipe mishahara miwili wakati faida ni ya mmoja. Tunalomwambia ni kwamba kushika nafasi ni jambo jingine na kulipa nafasi ni jambo jingine. Hata asipoweza kulipa, anaweza kushika. Amwambie yule anayemweka, tangu siku ya kwanza, kwamba wewe ni kaimu, mwenyewe amekwenda kuuguza, atarudi. Neno kaimu tunalijua vizuri. Mkubwa akienda masomoni miaka miwili, anawekwa kaimu, na kibao chenye jina la mkubwa hakiondolewi mlangoni. Kwa nini tunajua kushika kiti cha mkubwa miaka miwili, lakini kiti cha mfagiaji kinatushinda majuma matatu? Na dada wa kazi majumbani kwetu? Mama yake akiugua kijijini tunampa nauli, tunampa na sukari ya kumpelekea mgonjwa, na akirudi anamkuta mwenzake anaosha vyombo.

Ni kweli pia kwamba wapo wanaodanganya. Tumewahi kuwa na mfanyakazi ambaye bibi yake mmoja aliugua mahututi mara nne kwa mwaka, daima karibu na mavuno ya mpunga. Mwongo na ashughulikiwe kama mwongo. Hatujafunga sanduku la sadaka kwa sababu siku moja mtu aliiba.

Linalotusumbua zaidi ni yule binti tuliyemweka mahali pa mwalimu. Naye alikuwa na wadogo zake anaowasomesha. Tungemrudisha mwalimu, tungemtoa binti. Tukifanya haki kwa mmoja tunamwumiza mwingine, na kosa halikuwa la yeyote kati yao. Lilikuwa letu, la siku ile tuliyompa kazi bila kumwambia ni ya nani. Dhambi za waajiri mara nyingi ni za namna hii. Zinaanza kwa kunyamaza, kisha wanyonge wawili wanaachiwa wagombane.

Katika Marko 7 Bwana Yesu anawakemea watu waliokuwa na njia ya kiroho ya kuwanyima wazazi wao: kilichopaswa kuwasaidia walikiita Korbani, kimewekwa wakfu kwa Mungu. Tulipokaa katika baraza lile na kusema kwamba kazi ya Mungu isisimame, tulikuwa tukisema Korbani. Tulimwekea mwalimu wetu Amri ya Nne ubaoni awafundishe watoto, kisha tukamwondoa kwa kuishika.

Tulimfuata baadaye, tulipokwisha kuhamishwa usharika. Alikuwa Kahama, ana meza ya vitenge. Tukaomba msamaha. Alitusamehe, akatupikia wali na samaki, na mama yake alikuwa ameketi mlangoni, mkono mmoja mapajani, akitusalimu kwa upande mmoja wa mdomo. Tukamwambia tunaweza kumsemea kwenye shule nyingine. Akasema hapana, na hakueleza zaidi.

Katika usharika tulionao sasa, baraza liliandika azimio fupi kwamba mtumishi wa usharika anayeuguza mzazi, mwenzi au mtoto atashikiwa nafasi miezi mitatu, mwezi wa kwanza kwa mshahara. Wazee walibishana jioni mbili juu ya fedha. Halafu, kabla wino haujakauka, mtoto wa mlinzi wetu alianguka kutoka kwenye mwembe akavunjika paja, akalazwa majuma sita mguu ukivutwa kwa uzito. Fedha ya kumlipa kaimu haikuwapo. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, akasema basi tulinde wenyewe kwa zamu. Ndivyo ilivyokuwa. Zamu yetu ilikuwa Jumanne, na usiku wa kwanza tu tulijua kwamba koti la mlinzi lina matundu na kwamba mshahara tunaomlipa ni mdogo kwa baridi ile. Aliporudi alikuta tochi na filimbi yake kwenye msumari ule ule alipovitundika. Betri zilikuwa zimekwisha, tulizimaliza sisi.